Ua la Osiri: Chuma Mbegu, Acha Tunguu



Wiki hii nimepokea barua kutoka Osiri, upande ule wa Migori na Homa Bay, karibu na Ziwa Viktoria, ambako watu huchimba dhahabu. Aliyeiandika ni binti wa Mombasa aliyemfuata mumewe huko, naye mumewe ana duka la vyakula karibu na machimbo. Anaeleza kwamba kila mvua zinapoanza, kilima kilicho nyuma ya nyumba yao huota ua refu la rangi ya chungwa bivu, koo lake la manjano, na majani yake yamesimama kama panga zilizochomolewa alani. Anasema linafanana mno na yale maua ya vijiti virefu yanayopambwa jukwaani siku ya harusi, ila hili ni jembamba zaidi na limeinama kidogo, mfano wa bibi harusi mwenye haya.

Sasa amekuja mnunuzi kutoka mjini. Anawataka akina mama wamchimbie mizizi ya ua hilo apate kuiuza kwa wenye bustani, naye atawalipa fedha taslimu kwa kila debe. Maswali ya binti yetu ni mawili: je, achimbe pamoja na wenziwe? Na je, aweza kumpelekea mama yake mizizi michache aipande Mombasa?

Kwa maelezo yake, na kwa picha aliyoiambatanisha, hilo ni ua ambalo wataalamu huliita Gladiolus dalenii. Jina gladiola limetokana na Kilatini, na maana yake ni upanga mdogo, kwa sababu ya yale majani. Ni ua la jamaa ya airisi, ambayo Waarabu huiita sausani, jina ambalo wengine wetu tumewapa mabinti zetu bila kujua sura ya ua lenyewe. Airisi zenyewe hasa hazioti mwituni katika nchi zetu. Barani Afrika mwisho wake ni upande wa kaskazini, Morocco, Algeria na jirani zao. Sisi tumejaliwa binamu zake, na binamu hao ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Hata zafarani unayoiroweka kwa maziwa au maji ya moto kabla ya kuimwagia biriani ni ya jamaa hii hii. Nyuzi zile nyekundu huchumwa kwa mkono katikati ya ua dogo la zambarau, na gramu moja huhitaji maua kama 150. Ndiyo maana bei yake hukufanya uipime kwa ncha ya kijiko.

Katika ukoo huo kuna mmoja ambaye kisa chake kinatuhusu sana sisi watu wa pwani, wenye nasaba zilizotoka Hadhramaut na kwingineko Arabuni. Ni airisi nyeupe, Iris albicans, ambayo asili yake ni Yemen na Saudia. Waislamu wa zamani waliipanda makaburini, nayo ikafuatana nao kila walikokwenda, nchi baada ya nchi, hata ikafika Hispania. Kutoka huko Wahispania wakaivusha bahari hadi Meksiko. (Kuna wanaopanda kijani kaburini na kuna wasioona vema jambo hilo; hayo tuwaachie masheikh wetu.) La kutia maanani ni kwamba ua hilo kwa kawaida halizai mbegu. Kila shina lililoko Hispania lilitokana na kipande cha mzizi alichokibeba mtu na kukifukia kwa mkono wake. Zafarani nayo ni vivyo hivyo: haina mbegu, na pasipo mkulima ingetoweka.

Ua la Osiri halimo katika kundi hilo. Lenyewe hujipanda. Makazi yake yameenea kutoka Afrika ya Magharibi hadi Afrika ya Kusini, na hata kusini-magharibi mwa Bara Arabu, katika nyanda za nyasi na miteremko yenye mawe. Ndege chozi, wale wadogo wenye mdomo uliopinda, huja kunywa asali yake na kupeleka chavua kutoka ua hadi ua. Kisha vibumba hukauka na kupasuka, na mbegu zenye utando mwepesi mfano wa bawa hupeperushwa na upepo.

Na ua hili, mabibi, ndilo mama wa gladiola za dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1820 lilifika Uholanzi, nalo likapewa jina la Cornelius Dalen, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya Rotterdam. Baada ya hapo mtunza bustani mmoja nchini Ubelgiji, katika shamba la mtawala wa Aremberg huko Enghien, akalichanganya na gladiola nyingine ya kusini mwa Afrika. Mnamo 1841 mfanyabiashara Louis Van Houtte wa mji wa Ghent akaanza kuuza chotara aliyepatikana, na chotara huyo akaitwa kwa jina la mji huo. Humo ndimo ulimoanzia ukoo mkubwa wa gladiola za bustani zenye maua mapana ya kila rangi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndugu wa manjano wa ua hili hili alitolewa karibu na Maporomoko ya Viktoria, wakati wa kazi ya daraja la reli lililofunguliwa 1905, akapelekwa Uingereza. Kutokana naye wakapatikana chotara wenye maua madogo, yenye petali ya juu iliyofunika kama ukaya.

Basi tunapomlipa muuza maua kwa fungu la gladiola, tunanunua wajukuu wa ua linalokanyagwa na mbuzi kilimani Osiri. Sisemi hivyo kwa kuwadharau chotara. Wana uzuri wao, na jukwaa la harusi linataka ua linaloonekana kutoka mlangoni. Lakini mimi, nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachukua lile la kilimani, lenye mistari na vidoa ambavyo wafugaji wa maua waliviondoa kwa kutafuta rangi moja safi. Harufu halina, hilo nakiri. Katika kikuba halina kazi. Hapo asumini na kilua hawana mshindani. Anayetaka gladiola yenye harufu amtafute Gladiolus murielae, ua jeupe lenye doa la zambarau ndani, linaloota mwituni Tanzania, Malawi, Msumbiji na Ethiopia, na ambalo hunukia zaidi jioni. Nalo pia huuzwa na wafanyabiashara wa Ulaya kama mali yao.

Sasa nirejee kwa binti yetu na lile debe.

Kile anachokiita mzizi si mzizi. Ni tunguu, yaani sehemu ya shina iliyovimba chini ya udongo na kuweka akiba ya chakula. Kila msimu tunguu la mwaka jana hutoa majani na ua, likajikamua mpaka likasinyaa, na juu yake hujengeka tunguu jipya. Kandokando yake huota vijitunguu vidogo kama punje. Kazi hiyo ya kujaza tunguu jipya haikamiliki wakati wa maua. Hukamilika wiki kadhaa baadaye, majani yanapoanza kugeuka manjano.

Mnunuzi anataka achimbiwe lini? Kwa mujibu wa barua, sasa hivi, maua yakiwa wazi, maana ndio wakati mmea unapoonekana katikati ya nyasi. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Tunguu la zamani limekwisha nguvu, jipya halijajaa, na mbegu hazijakomaa. Atakachokipeleka mjini kitaoza kwa wingi au kitakaa miaka bila kuchanua, na kilima cha Osiri kitabaki bila mama na bila watoto. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana, usichimbe kwa debe, hata ukiambiwa bei itapanda wiki ijayo.

Najua ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa kivulini, na ni vigumu kwa mama anayehesabu shilingi kabla ya kuwasha jiko. Kwa sababu hiyo sitamwambia aiache biashara, bali aibadilishe. Asubiri vibumba vikauke, avichume kabla havijapasuka, aache walau nusu kilimani kwa ajili ya upepo. Mbegu azimwage juu ya udongo uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga, ndani ya karai kuukuu lililotobolewa chini, azifunike kwa udongo mwembamba tu, na anyunyizie maji bila kuyafurikisha. Zitaota kama nyasi. Awaonye watoto na msaidizi wa nyumbani, kwani gladiola nyingi za mwaka wa kwanza hufa kwa kung'olewa na mtu mwenye nia njema ya kupalilia. Majani yakikauka, maji yakatwe na matunguu yaachwe yalale mpaka mvua zinazofuata. Ua la kwanza hutarajiwa mwaka wa pili au wa tatu. Kutoka hapo kila tunguu litaleta vijitunguu vyake, naye atakuwa na kitalu ambacho anauza kila msimu bila kurudi kilimani na jembe. Akina mama watano wakiwa na karai tano kila mmoja, mnunuzi atakuja kwao kwa adabu.

Kama kilima kimekwisha pangiwa kuchimbwa dhahabu na mashimo yanakuja, hapo hukumu yangu inabadilika: kuyaokoa matunguu kabla ya sururu ni jambo jema, lakini yangojewe mpaka majani yawe manjano ikiwa nafasi ipo. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyoko huko huko Homa Bay katika bonde la Lambwe, hairuhusiwi kung'oa mmea wowote. Asije mtu akasema alisoma kwangu.

Yapo mambo mawili ya usalama ambayo nisingependa yapite. La kwanza, Afrika Mashariki, pwani yetu ikiwemo, kuna ua jingine jekundu na manjano, petali zake zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Hilo ni Gloriosa superba, si la jamaa ya airisi, na kiazi chake kina sumu inayoua. Kulitambua ni rahisi: majani yake yana ncha inayojikunja na kushika vitu, nao mmea hupanda juu ya vichaka. Gladiola haipandi juu ya kitu. Husimama yenyewe, na majani yake yamepangika bapa kama kipepeo cha mkono. Yapo makabila kadhaa barani yanayotumia tunguu la gladiola kwa dawa, lakini mtu asiyejua tofauti ya haya mawili asithubutu kuchemsha chochote. La pili, pale machimboni dhahabu husafishwa kwa zebaki. Udongo na mchanga wa mahali hapo usiletwe nyumbani kujazia karai, hata kama ni laini na unapendeza, watoto huuchezea.

Swali la pili linanifurahisha, kwa kuwa linamhusu mama. Ndiyo, mpelekee. Matunguu matatu au manne yatosha, yakichimbwa baada ya majani kunyauka, tena kutoka mahali yalipo mengi. Yapukute udongo, uyaache kivulini yakauke siku chache, kisha uyafunge kwa gazeti. Usiyatie katika mfuko wa plastiki, kwani katika joto la basi kutoka Migori hadi Mombasa yatatoa jasho na kuoza kabla ya kufika Voi.

Mombasa shida yake si jua. Ni joto likichanganyika na udongo usiopitisha maji. Mama asipande wakati wa masika makubwa. Angoje mpaka kusi ivume na hewa ipoe, mwezi wa Juni hivi, ayafukie kina cha sentimita kumi katika chungu kirefu chenye mchanga mwingi, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Chotara wa dukani huchanua baina ya siku 70 na 100 baada ya kupandwa, nao huhitaji kijiti cha kuwashikilia kwa sababu ya uzito wa maua. Hili la Osiri lina uvivu zaidi mwaka wa kwanza baada ya kuhamishwa, pengine lisitoe ila majani. Asilitupe. Majani yakikauka alaze chungu ubavuni chini ya ngazi, asikitie maji, akisubirishe mpaka msimu ujao.

Na akipanda chotara karibu yake, asichume mbegu za chotara akitarajia rangi ile ile aliyoinunua. Mbegu hizo huleta chochote. Rangi ya chotara huhifadhiwa kwa vijitunguu tu, vile vidogo vinavyoshikamana na mama yao udongoni, ambavyo wengi wetu huvitupa pamoja na takataka tunaposafisha chungu.