Mbwa Mchanga Achechemeaye

Twasoma katika Kitabu cha Tobiti ya kwamba Tobia aliposhika safari pamoja na malaika Rafaeli, mbwa wake alifuatana nao. Kwetu Eringeti, kwenye barabara itokayo Beni kwenda Komanda, mbwa ni mwenzi wa namna hiyo: hulinda nyumba, na msituni hutangulia wawindaji, kengele ya mti shingoni.

Mbwa wa asili wa misitu hii, ajulikanaye ng'ambo kwa jina la basenji, ni mwepesi, kilo 10 au 11 tu. Lakini wako jamaa wapendao mbwa wakubwa wa kigeni, kama mbwa mchungaji wa Kijerumani. Hao hupatwa mara nyingi zaidi na ugonjwa wa kiwiko cha mguu wa mbele.

Katika kiwiko hukutana mifupa mitatu, mmoja wa juu na miwili ya chini. Miisho yake imefunikwa na gegedu, kitu cheupe na kiororo kama kile tukionacho kwenye kiungo cha kuku. Mbwa akikua, sehemu ya gegedu hilo hugeuka polepole kuwa mfupa. Lakini pengine haligeuki: lazidi unene, chakula chake hakifiki ndani, lafa na kupasuka. Pengine kipande cha mfupa chameguka ndani ya kiungo. Pengine mifupa miwili ya chini hairefuki sawasawa, na mmoja waelemewa. Gegedu likiharibika haliponi vema, kwa kuwa halina mishipa ya damu. Baadaye kiungo huvimba na kukakamaa.

Dalili huanza mara nyingi kati ya miezi 4 na 10. Mbwa huchechemea, hasa aamkapo, na wayo huelekea nje. Wengine humwita mvivu, wakampiga. Wengine hudhani amelogwa. Si uvivu wala si uchawi.

Basi yatupasa nini? Asinenepeshwe, maana uzito huponda kiungo. Akiwa anapata chakula cha kutosha, asiongezewe unga wa mifupa ovyo, kwa sababu chokaa ikizidi hudhuru mifupa ya mbwa mkubwa akuaye. Asirukishwe wala kukimbizwa mno. Asipewe dawa za watu za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni, kwani zaweza kumwua. Aulizwe mganga wa mifugo. Picha ya eksirei yaweza kuonyesha ubovu.

Tena asizalishwe, kwa kuwa ugonjwa huu hurithiwa. Hapa, ndugu, neno si la mbwa tu. Aliyeona mbwa wake akichechemea, kisha akamnyosha vizuri siku ya mauzo na kuuza watoto wake kwa jirani bila kusema, amekula fedha ya mwenzake. Pengine ilikuwa karo ya mtoto. Amri ya saba yamhusu yeye pia.