Muhali Wetu Unawaponza Watoto



Kijana akiingia kwenye bangi au unga, hapa Shumba la mwanzo tunalouliza ni: "Mamake alikuwa wapi?" Leo nauliza jengine: na sisi tulikuwa wapi?

Mtoto haangukii unga kwa siku moja. Huanza na vidogo tunavyoviona. Tunamtuma dukani sigara ya mjomba wake. Nami nimewahi kutuma, Mola anisamehe. Anakaa maskani na wakubwa, anaona kuberi ikipita mkono kwa mkono. Skuli zikifungwa anafuatana na wavuvi dago, analala ufukweni na watu wazima, hakuna anayemuuliza kama kasali. Muuzaji tunamjua, na nyumba yake tunaijua. Lakini ni mtoto wa fulani, tunaona muhali.

Zamani ukimkuta mtoto wa mwenzio anavuta, ulimshika mkono ukampeleka kwao, na mamake akakushukuru. Leo utaambiwa, "Angalia wako!" Basi kila mmoja anaangalia wake ndani ya ua wake, na huko nje watoto hawana mwenyewe.

Mtume wetu (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na mbaya na mhunzi anayevuvia moto: ukikaa karibu naye, hukosi kuungua nguo au kupata harufu mbaya. Mtaa nao ni hivyo hivyo.

Huduma ya methadone ilianza Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015, na nyumba za kuwasaidia wanaoacha zipo. Lakini hiyo ni tiba ya aliyekwishaathirika. Na akirudi kijijini katulia, tunaficha simu zetu na kumwita teja. Tukimnyima nafasi kwetu, maskani itampokea.

Tuanze na tunayoyaweza. Mtoto asitumwe sigara. Asende dago bila ya mkubwa aliyekabidhiwa kwa jina. Ukiona la mtoto wa mwenzio, mwambie mamake faraghani, kwa upole; na wako akikanywa, shukuru. Habari za muuzaji tuzipeleke kwa sheha tukiwa kumi, asiachiwe mmoja kubeba lawama.

Muhali ni ada yetu nzuri ya kutunza ujirani. Lakini ujirani gani huo, ikiwa tunazikiana watoto kwa kunyamaza?

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.