Ajua Nayo Ipewe Nafasi Katika Simu

Apitaye adhuhuri katika stegi za bodaboda za Migori, Awendo na Rongo, au ashukaye hadi fukwe za Mbita na Sori katika zile siku za mbalamwezi ambazo wavuvi wa omena, kwa kuwa kazi yao hutegemea giza na taa, huzipumzisha mashua zao, aghalabu huwakuta watu wameuzunguka ubao wa drafti wenye kete za vifuniko vya soda, na hatua chache kutoka hapo huwakuta wengine wakiucheza mchezo ule ule, au ludo, au sataranji, juu ya kioo cha simu. Wako wenye kuyatazama haya kwa huzuni, wakidhani kwamba simu imekuja kuubatilisha ubao. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Simu ni ubao halali wenye fadhila zake, nao unastahili kukaribishwa. Lililo aibu kwetu ni kwamba katika karamu hii, ambamo michezo ya mataifa mengi imekwisha kuketi, ajua, mchezo wa wazee wa Kijaluo wa kusambaza kete shimo kwa shimo, haijapewa kiti kinachoistahili.

Fadhila za simu si haba. Programu nyingi za drafti na ludo huwawezesha watu wawili kuchezea simu moja, wakipokezana zamu, bila ya kutumia hata chembe ya bando. Na mwenye bando huweza kushindana na ndugu yake aliyeko Nairobi au Doha kana kwamba wamekaa benchi moja. Katika sataranji ziko programu za bure kabisa, mathalani Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ambayo haimtozi mchezaji ada wala haimsumbui kwa matangazo, nayo humpa mwanafunzi wa Ndhiwa mafumbo na mafunzo yale yale anayopewa mwanafunzi wa Paris. Uganda imetuonyesha thamani ya mlango wa namna hii: Phiona Mutesi, binti aliyelelewa katika mtaa wa kimaskini wa Katwe, Kampala, alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende, na mwaka 2010 akaiwakilisha nchi yake katika mashindano ya dunia ya Olimpiadi huko Urusi. Yeye alibahatika kupata mwalimu karibu na kwao. Watoto wengi wenye vipaji katika vijiji vyetu hawana mwalimu wala ubao, lakini nyumbani mwao mna simu.

Tuitazame sasa ludo, maana historia yake ina funzo kubwa. Asili yake ni pachisi, mchezo mkongwe wa Bara Hindi. Waingereza waliupunguza, wakaupa jina jipya na kuusajili kwao mwaka 1896, kisha ukatembea na biashara na utawala wao hata ukafika kwetu, ukachorwa kwa rangi nne juu ya mbao za madukani. Mwaka 2016 kampuni moja ya Mumbai ikautoa mchezo huo katika simu kwa jina la Ludo King, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, programu hiyo ikaenea kwa kasi ya ajabu, kiasi kwamba leo kijana wa Oyugis au Kendu Bay huijua kama aijuavyo njia ya kwao. Wahindi hawakungoja mgeni mwingine aurekebishe tena mchezo wa babu zao. Waliuchukua wenyewe, wakauvika vazi la zama hizi, na ulimwengu ukaupokea.

Drafti nayo yatufundisha jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Katika vijiwe vyetu vingi kingi huruka mbali, akavuka ubao mzima kwa mwendo mmoja, ilhali katika drafti ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyomo katika programu nyingi, kingi huenda nyumba moja tu. Mchezaji hodari wa Homa Bay afunguapo programu ya namna hiyo hujikuta amenyang'anywa nusu ya silaha zake, asijue ni nani aliyepitisha hukumu hiyo. Ukweli ni kwamba aandikaye programu ndiye mtunga sheria, na wote wachezao hutii, na kizazi kimoja kikishapita sheria ile ya programu ndiyo hubaki kuwa mchezo wenyewe. Kwa sababu hii mimi huzipenda zile programu za drafti zinazompa mtu hiari ya kuchagua kanuni kabla ya kuanza, na kila anayeniuliza humshauri atafute hizo.

Hapo ndipo penye hatari ya ajua. Mtoto wa Rusinga akiutafuta katika simu mchezo wa babu yake wa kusambaza kete shimo kwa shimo, ataletewa mara moja mchezo uitwao Mancala, na ataambiwa kuwa huo ndio mchezo wa kale wa Afrika. Lakini mchezo huo, wenye mashimo sita kila upande na ghala mbili nchani, mara nyingi ni Kalah, uliotungwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940. Sina chuki na Kalah, maana ni mchezo mwepesi na wa kupendeza. Ila si haki mtoto aupokee kwa kudhani ni urithi wake. Wenzetu wa pwani wana nafuu. Bao la Kiswahili, lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, limeandikiwa vitabu, na mabingwa wake wa Zanzibar walichunguzwa na mtaalamu Mholanzi Alex de Voogt, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1995. Hivyo mwenye kutaka kutengeneza programu ya bao anajua namua ni nini, mtaji ni nini, na nyumba huchezwaje. Maarifa ya ajua hukaa zaidi vichwani mwa wazee kuliko vitabuni, na wazee hawadumu.

Najua jibu la wapinzani wa simu: kwamba mchezo ni baraza, ni utani, ni watazamaji wanaoshangilia na mzee anayemkanya kijana kwa upole baada ya kumshinda, na kwamba programu haina lolote kati ya hayo. Wasema kweli, na mimi singependa hata ubao mmoja uondolewe chini ya mti. Hata hivyo vijana wametawanyika kutafuta riziki, na aliyejifunza kanuni katika simu huko ugenini ataweza kuketi na babu yake siku atakaporudi, badala ya kusimama kando kama mgeni. Lipo sharti moja tu ambalo silegezi: programu yoyote inayomtaka mchezaji kuweka fedha ili acheze ni kamari, hata ikijivika sura ya ludo, na wazazi waifukuze majumbani mwao, kwa kuwa kamari ya simu imekwisha kuwanyang'anya vijana wetu ujira wa kutosha.

Basi nani afanye kazi hii? Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, na Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Wanafunzi wa vyuo hivyo waende kwa wazee wa Karachuonyo, Kanyamkago, Suba na Nyatike, wakaandike kwa uaminifu kanuni za ajua pamoja na tofauti zake za mahali na mahali, wasichague moja na kuzitupa nyingine. Kisha watunge programu ya bure, ichezwayo bila ya intaneti, yenye maelezo kwa Kijaluo na Kiswahili. Serikali za kaunti hizi mbili, ambazo hutenga fedha za utamaduni na za vijana, zitoe gharama yake, ambayo ni ndogo sana ikipimwa na thamani ya kinachookolewa. Kazi hiyo ianze sasa, ilhali wenye ilimu ya ajua wangali hai na wangali na hamu ya kufundisha.