Dawa tuliyompa nyumbani tuiseme hospitalini

Mtoto akilazwa hapa Kasongo au kule Kabambare, mwuguzi anauliza: "Amekunywa dawa gani nyumbani?" Wengi wetu tunanyamaza, tukiogopa kugombezwa. Kunyamaza huko kunaweza kumdhuru mtoto.

Dawa za kuua bakteria, yaani antibiotiki, zina jamaa zake. Penisilini, ampisilini na amoksilini ni jamaa moja: mtoto aliyewahi kuvimba uso au kukosa pumzi kwa sababu ya moja, asipewe nyingine. Seftriaksoni, ile ya sindano, iko karibu nazo. Daktari lazima ajue. Jentamisini ni ya jamaa nyingine. Kichanga mwenye maambukizi makali hupewa hiyo pamoja na ampisilini, kwa kufuata kilo zake, maana ikizidi inaharibu figo na masikio.

Amoksilini ya sokoni haiponyi malaria wala mafua. Tukiitoa kwa kila homa, bakteria wanaizoea, na siku ya ugonjwa wenyewe inashindwa.

Basi, tukienda hospitali tubebe pakiti ya dawa, hata kama ni tupu, tuseme na siku tuliyoanza kumpa. Daktari akijua, atachagua vizuri.