"Wage" na "salary": jina la malipo lisitunyime haki



Hapa Rubavu iko mikataba inayoandikwa kwa Kiingereza, na sisi wa Cyanzarwe tunaokwenda viwandani na mashambani twaitia sahihi au kidole bila kuisoma. Katika karatasi hizo tunakutana na maneno mawili: wage na salary. Yote mawili ni malipo ya kazi. Tofauti iko wapi?

Kwa Waingereza, wage ni malipo yanayohesabiwa kwa saa, kwa siku au kwa kipimo cha kazi, kama mchumaji wa chai anavyolipwa kwa kilo. Salary ni malipo ya mwezi yasiyobadilika, kama ya karani. Kiswahili nacho kina mizani yake. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ujira ni malipo ya kazi yoyote. Na kibarua kilikuwa barua ndogo, yaani cheti cha kuhesabia siku za kazi.

Basi maneno haya yaeleza namna ya kuhesabu fedha. Hayasemi nani ana haki na nani hana. Lakini wako wasimamizi wanaotuambia: "Wewe unalipwa wage, likizo si yako." Tusikubali. Hata kima cha chini cha malipo Waingereza hukiita minimum wage, na kinamlinda pia anayelipwa kwa mwezi.

Sheria ya Kazi ya Rwanda Na. 66 ya mwaka 2018 haikuweka likizo kwa wenye salary peke yao. Inampa mfanyakazi siku 18 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. Tena inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90 mfululizo. Kwa hiyo mwenzetu aliyechuma chai miaka mitatu bila karatasi si mpita njia, hata kama analipwa kwa kilo.

Kabla ya kutia sahihi, tuulize: tunahesabiwa kwa nini, kwa siku au kwa kilo? Tunalipwa lini? Tukiugua itakuwaje? Tudai maelezo kwa Kinyarwanda au Kiswahili, na tumwite mjumbe wa chama atusomee. Anayejua maana ya mkataba wake hapunjwi kwa urahisi, na wanaouliza pamoja hawafukuzwi kwa urahisi.

Umoja ni nguvu!