Mashine Isiyo na Sikio

Sampla ni ala inayonasa sauti, kuikata vipande na kuviweka kwenye vitufe ili mpigaji avipange upya. Sampla ya kubebeka ni ile inayofanya kazi hiyo mbali na studio: barazani, ndani ya basi, chini ya mwembe. Wasomaji wa safu hii wanaujua ugomvi wake wa siku nyingi na maneno yanayochapwa kwenye maboksi. Wiki hii neno lenyewe ni "kubebeka". Mashine inayobebwa mpaka penye sauti, kisha ikashindwa kuinasa, haistahili kuuzwa kwa jina hilo.

Jumapili iliyopita, nyuma ya nyumba moja mjini Bagamoyo, kikundi cha ngoma kilikuwa mazoezini. Prodyuza kijana alifika kutoka Dar es Salaam na sampla mpya begani. Alikuwa amejinyima miezi mingi kuinunua, na dukani aliambiwa, "Hii unakwenda nayo popote, unarekodi chochote." Mpiga msondo, mzee wa miaka sabini na ushei, alikuwa ameilaza ngoma yake kando ya moto wa makuti. Aliizungusha taratibu, akaigonga kwa ncha za vidole, akatega sikio, akairudisha motoni. Ngozi ikipata moto hukaza na sauti hupanda. Upepo wa bahari ukiipiga hulegea, na sauti hushuka. Ngoma ikishaiva ina dakika zake, haimsubiri mtu.

Mzee alipoanza kupiga, kijana alikuwa bado anapekua begi. Sampla yake haikuwa na maikrofoni ya ndani, ila tundu la jeki nene tu. Maiki yake ilikuwa nyumbani Dar. Mtoto mmoja alitumwa madrasa kuazima maiki ya kaswida, akarudi nayo mbio, lakini kichwa cha waya kilikuwa cha pini tatu na hakikuingia. Mzunguko wa kwanza ukaisha hivyo hivyo. Ulikuwa mzunguko uliowafanya akina mama waliokuwa wakichambua mchele waweke nyungo chini na kusimama, na halikuingia hata pigo moja kwenye mashine.

Inauma zaidi kwa sababu utaalamu wa kuepuka kosa hilo upo siku nyingi. SP-404 ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 2005, ilikuwa na maikrofoni yake. SP-404MKII ya mwaka 2021, ambayo leo ndiyo inayotajwa kwanza kila sampla za kubebeka zinapozungumziwa, haina maikrofoni wala spika. Wakati huohuo, PO-33 ya Teenage Engineering ya Uswidi, iliyotoka mwaka 2018, ina vyote viwili. Ni kidude cha ukubwa wa kikokotoo, saketi zake ziko wazi, kinatumia betri mbili nyembamba, na kumbukumbu yake haizidi sekunde 40. EP-133 K.O. II ya mwaka 2023, ya kampuni hiyohiyo, nayo ina maikrofoni na spika. Kwa hiyo sikio halikukosekana kwa sababu ya ukubwa wala bei. Waundaji wengi wanamfikiria mtu wa mezani, mwenye kompyuta upande mmoja na kisahani cha santuri upande wa pili, ambaye sauti zake zote humfikia kwa waya.

Mtu huyo yupo, na kazi yake ni ya kuheshimiwa. Mwaka 2002, Mmarekani Madlib alikuwa São Paulo, Brazili, na ndani ya chumba cha hoteli alitengeneza sehemu kubwa ya midundo ya albamu ya Madvillainy, iliyotoka 2004, akitumia sampla ya Boss SP-303, kicheza santuri cha kubebeka na deki ya kaseti. Hapo sampla ilitimiza kila ilichoombwa. Lakini sauti zilikuwa zimesharekodiwa na watu wengine, zikatulia kwenye santuri, zikamsubiri. Msondo wa Bagamoyo ulikuwa bado mikononi mwa mzee.

Inafuata habari ya nguvu. SP-404MKII hula betri sita za AA, zile za saa ya ukutani, na huzimaliza kwa saa chache. Anayetaka kukaa nayo kutwa nzima ajue hivyo kabla hajatoka nyumbani. Yule kijana alikuwa ameichezea sampla yake tangu kituo cha basi cha Mbezi, hedifoni masikioni, efekti zimewashwa, na alipofika Bagamoyo taa ya betri ilikuwa tayari imeanza kumsuta. Alinunua betri dukani, za bei ya chini, maana ndizo zilizokuwepo. Zikawasha kioo, zikakizima. Kilichomwokoa ni pawabenki ya simu, kwa kuwa mashine za miaka hii hupokea umeme kwa waya uleule wa simu. Hiyo ni hatua ya kusifiwa kwa moyo wote, hasa kwa wanaoishi na umeme wa mgawo.

Kuhusu kumbukumbu, lawama nyingi humwangukia asiyestahili. EP-133 ilipotoka ilikuwa na megabaiti 64, na wengi wakapiga kelele. Kwa sauti ya chaneli moja, nafasi hiyo ni kama dakika 11 hivi, na sehemu yake hukaliwa na sauti za kiwandani. SP-404MKII ina gigabaiti 16 na miradi 16, kila mradi ukibeba sauti 160. Tofauti ni kubwa, ila si ya kumkosesha mtu usingizi. SP-1200 ya kampuni ya E-mu, ya mwaka 1987, ilikuwa na takriban sekunde kumi tu, na hip-hop ya New York ilisimama juu yake. Watayarishaji walicheza santuri kwa kasi kubwa ili iingie kwenye nafasi ndogo, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Ule mkwaruzo uliobaki ndio uliokuja kupendwa na vizazi vilivyofuata. Sekunde chache humlazimisha mtu achague. Maikrofoni isipokuwepo, hana cha kuchagua.

Kwenye mikono, sampla hizi hazina mpinzani, na hata mkosoaji mkali hulainika hapo. Pedi za mpira hupokea kidole kama ngozi ya chapuo. Efekti za SP-404MKII hushikwa kwa vitufe vitatu vya kuzungushwa: mpigaji anapinda sauti, anaizamisha, anaichakaza, na yote hayo yanasikika papo hapo bila kipanya wala menyu ndefu. Singeli ya Dar es Salaam ilikulia kwenye kompyuta, ikianza na vipande vya taarab vilivyoongezwa kasi, kwa hiyo hakuna haja ya kudai kwamba kompyuta haiwezi. Lakini ukimtazama mtu anayekata mdundo kwa kompyuta, unaona mtu anayesoma. Mwenye pedi anapiga ngoma. Hasara yake ni kioo kidogo na vitufe vyenye kazi mbilimbili: shikilia hiki, bonyeza kile. Yote hayo hukaririwa kwa wiki kadhaa kabla vidole havijazoea, na dukani hakuna anayeyasema.

SP-404MKII ina kazi nyingine inayostahili kutajwa peke yake. Huweka akiba ya sauti iliyopita punde, takriban sekunde 25, hata kama hakuna aliyebonyeza kurekodi. Mpigaji akiteleza akapata kitu kizuri, anakirudisha. Hakuna kazi inayomfaa mpiga ngoma kuliko hii, kwa sababu pigo zuri halitoi taarifa. Ila mashine hukumbuka kilichoingia tu. Kule uwanjani isingefua dafu: bila maiki hakuna kilichoingia.

Mzunguko wa pili ulirekodiwa hatimaye. Fundi redio wa jirani aliunga waya, maiki ya kaswida ikasimamishwa kwa kufungwa kwenye kigoda, pawabenki ikashikwa na mtoto. Lakini moto ulikuwa umebaki majivu na ngozi imepoa. Msondo ulisikika kama mlango wa mbao. Kikundi kikataka kujisikia. Spika haikuwepo, hivyo hedifoni moja ikapita kichwa kwa kichwa. Mzee aliivaa juu ya kofia yake, akasikiliza hadi mwisho, akaivua na kusema, "Hii si ile ya kwanza." Wenzake hawakuweza kumbishia wala kumuunga mkono, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameisikia peke yake.

SP-404MKII ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 499 na EP-133 kwa dola 299, kabla ya usafirishaji, ushuru na faida ya mwenye duka. Anayekusanya sauti zilizokwisha kurekodiwa achukue ya kwanza. Pesa yake itakuwa imetumika vizuri, mradi aongeze hedifoni nzuri na pawabenki. Anayefuata watu na ngoma zao achukue ya pili, kumbukumbu finyu na yote, au aitengee ya kwanza bajeti ya maiki, waya wake na spika ndogo.

Kijana alirudi Dar jioni. Sauti ya msondo iliyomo ndani ya sampla yake leo ni ile ya mzunguko wa kwanza. Aliipata kwa waya kutoka kwenye simu ya binti wa darasa la sita, aliyekuwa amesimama karibu na moto akirekodi video ya babu yake, na kwenye pigo la nne jogoo anawika.