Rimoki zinaongezwa urefu, lakini nani anafikiria freni?

Butembo na Beni ni miji ya biashara, na mashini nyingi zinaingilia Kasindi, kwenye mpaka na Uganda: mashini za kusaga unga, betonyera, grupu kubwa za umeme. Kukodi lori nzima juu ya mashini moja ni mali mingi. Ndiyo maana mwenye rimoki ndogo anaipeleka kwa mafundi wa kuchomelea, anasema: ongeza urefu kidogo, itoshe.

Kuongeza urefu si kazi ngumu. Vyuma viwili vinaungwa nyuma, mbao zinawekwa juu, kesho yake rimoki iko njiani. Shida ni kwamba magurudumu yanabaki pale pale. Mzigo ukilalia nyuma yao, mdomo wa rimoki unanyanyuka na kuinua gari lenyewe kwa nyuma. Hapo rimoki inaanza kuyumba kama mkia, na shofa akikaza freni mteremkoni, inamsukuma pembeni.

Mafundi wazuri wanajua kipimo: kwa mzigo wa kilo 1.000, kilo 100 mpaka 150 zinapaswa kulalia pale rimoki inaposhikwa na gari. Kwa hiyo ukiongeza urefu nyuma, magurudumu nayo yasogezwe nyuma, au yaongezwe mengine mawili. Na resore? Na pneu? Kila pneu imeandikwa ubavuni uzito inaoweza kubeba, lakini wanunuzi wengi wanauliza bei tu.

Freni njo jambo kubwa kuliko yote. Rimoki nyingi ndogo hazina freni zake. Gari linasimamisha vyote viwili. Ukizidisha uzito mara mbili, freni zina kazi mara mbili. Ukizidisha mbio mara mbili, kazi hiyo inakuwa mara nne.

Hapa ndipo hesabu inageuka. Mwezi wa Juni 2021, marais wa Congo na Uganda walizindua kazi za barabara: Kasindi–Beni kilometa 80, Beni–Butembo kilometa 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilometa 89. Wakaaji walifurahi, na wana haki. Lakini mashimo yalikuwa yanalazimisha kila mutu aende polepole. Pahali njia imekuwa laini, rimoki ile ile iliyovumilia matope inakimbizwa kilometa 60 kwa saa, na watu wamekaa juu ya mashini.

Hao abiria hawakuulizwa kitu kuhusu chuma kilichochomelewa chini yao. Kwenye kizuizi shofa anaombwa karatasi, mara chache mutu anainama kutazama viungo. Mwenye mashini angeweza kudai hilo kabla ya kupakia, kwani mali ni yake: apige kila kiungo kwa nyundo, na safari ya kwanza rimoki ijaribiwe na mifuko ya mchanga, bila mutu juu.